Moto Uliogawanyika: Historia ya Joto la Nyumbani Kilolo

Wilaya ya Kilolo, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Iringa mwaka 2002, inateremka kutoka milima ya Udzungwa hadi Ruaha Mbuyuni, ambako vitunguu hulimwa katika joto la bondeni, hivi kwamba katika wiki ileile ya Julai wapo wakazi wanaotafuta kivuli na wapo wanaotafuta blanketi la pili. Historia ya joto la nyumbani inawahusu hawa wa pili, yaani watu wa Dabaga na vijiji vingine vya juu, ambako kipupwe, msimu wa baridi wa kuanzia Juni hadi Agosti, huja na ukungu na upepo mkali. Katika sehemu kubwa ya historia hiyo joto halikuwa kitu kilichotafutwa peke yake: lilikuwa tunda la moto uliowashwa kwa kazi nyingine, na kutenganishwa kwa kazi hizo ndiko kulikozaa swali la leo la kuchagua kati ya gesi na umeme.

Nyumba iliyojulikana zaidi miongoni mwa Wahehe ilikuwa tembe, jengo la pembe nne lenye kuta za miti na udongo na paa bapa lililofunikwa udongo, ingawa kwenye miinuko yenye mvua nyingi, ambako paa la namna hiyo huvuja, nyasi zilifaa zaidi. Ndani yake palikuwa na mafiga, mawe matatu ya kuinjikia chungu, na moto wa mafiga hayo ulipika chakula, ukamulika chumba, ukakausha mahindi yaliyopangwa juu ya kichanja, ukafukuza wadudu waharibifu wa nafaka kwa moshi wake, na usiku ukawapa joto waliolala kuuzunguka. Udongo mnene wa kuta ulifyonza joto jioni na kulirudisha polepole hadi alfajiri. Gharama ya mpango huo ilikuwa moshi, ambao uliumiza macho na mapafu ya wanawake na watoto kuliko ya wengine, na hapana sababu ya kuupamba kwa kuwa tu ni wa kale.

Moto usiopika uliingia Nyanda za Juu Kusini pamoja na wageni. Nyumba za walowezi, kama zile za wakulima wa chai wa Mufindi, zilijengewa meko ya ukutani yenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi juu ya paa, ambayo kazi yake ilikuwa kupasha joto sebule, huku chakula kikipikwa katika jengo jingine na mtumishi ambaye huenda ndiye aliyepasua kuni za mioto yote miwili. Dohani haikuenea sana katika nyumba za wanavijiji. Kilichoenea ni bati, hasa kuanzia miaka ya 1970, wakati sera ya vijiji vya ujamaa ilipowahamishia watu kwenye makazi ya pamoja, na kadiri mapato ya mazao na mbao yalivyowaruhusu kujenga upya. Bati huzuia mvua vizuri kuliko nyasi na udongo, lakini lisipowekewa dari hupitisha joto lote la chumba usiku, na kwa kuwa jiko la kuni lilihamishiwa kibanda cha nje, familia ililala katika nyumba safi na baridi.

Pengo hilo lilizibwa na jiko la mkaa, ambalo hubebwa hadi chumbani baada ya mapishi. Mkaa hautoi moshi mwingi, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu ukiungua katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayozuia damu kubeba oksijeni, na mtu aliyelala huweza kufa bila kushtuka.

Wakati huohuo umeme ulikuwa ukizalishwa jirani kabisa. Maji ya Mto Ruaha Mkuu yaliendesha mitambo ya Kidatu kuanzia mwaka 1975 na ya Mtera kuanzia 1988, na mwaka 2000 kituo cha Kihansi, chenye uwezo wa megawati 180, kilianza kutumia maporomoko ya ukingo uleule wa Udzungwa. Lakini nyaya zilielekea kwanza mijini, na vijiji vingi vilisubiri miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika 2004, iliishia zaidi kwenye mitambo ya umeme na viwanda vya pwani. Gesi inayofika Kilolo ni ya mitungi, inayoingizwa kutoka ng'ambo na kupandishwa kwa malori kupitia mlima Kitonga.

Zaidi ya jiko la gesi na hita ya umeme kipo chombo cha tatu, pampu ya joto, ambacho bado ni kigeni wilayani, ingawa kanuni yake imo katika kila jokofu: mashine husukuma kimiminika maalumu kinachonyonya joto kutoka hewa ya nje, hata iliyo baridi, na kulimwaga ndani, hivyo uniti moja ya umeme huweza kuleta takribani uniti tatu za joto, ambapo hita ya kawaida ya waya huleta moja tu. Hita ya wati 1,000 ikiwashwa saa 4 kila usiku kwa siku 30 hutumia uniti 120. Kwa bei zilizopitishwa mwaka 2016, ambapo mteja mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi 75 na shilingi 350 kwa kila iliyozidi, matumizi hayo pekee yaligharimu shilingi 23,250 kabla ya kodi. Joto hilohilo kwa pampu lingehitaji uniti 40, yaani shilingi 4,000. Kwa gesi zingeungua zaidi ya kilo 9, sawa na zaidi ya nusu ya mtungi wa kilo 15, na hewa chafu yake ingehitaji njia ya kutokea.

Hesabu hiyo inaipa pampu ushindi wa wazi katika matumizi, si katika ununuzi, kwani bei ya mashine yenyewe huizidi kwa mbali ile ya jiko la gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024 kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, unahusu mapishi, kama jina lake linavyosema, na kaya ya Dabaga inayopikia gesi itaendelea kuingiza mkaa chumbani kwa ajili ya kuota moto. Kwa nyumba ya aina hiyo, dari chini ya bati ndiyo inayopaswa kutangulia, kabla ya mtungi na kabla ya pampu.