Wiki Moja Kukizunguka Kisiwa: Njia ya Wakamba Kutoka Yatta Hadi Mombasa

Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, mipango ya kwenda Mombasa huanza sokoni Katangi, huko Yatta. Gari hupelekwa kwa fundi likaguliwe magurudumu na rejeta. Unga wa ugali na ndengu hufungwa mifukoni, na jamaa anayeishi Changamwe au Likoni hupigiwa simu mapema ajue wageni ni wangapi. Watoto huuliza kama bahari ina mwisho. Wazazi huhesabu siku: saba, pamoja na ya kwenda na ya kurudi.

Safari hiyo si ya juzi. Zaidi ya miaka 200 iliyopita watu wa Ukambani walikuwa tayari wakishuka pwani kwa miguu, na waliipanga kwa uangalifu uleule: nani aongoze, maji yatapatikana wapi, chakula kitatosha siku ngapi, na mwenyeji huko ni nani. Anayepanga leo kukizunguka kisiwa cha Mombasa kwa wiki moja angefaidika sana kujua walivyopita wale wa kwanza.

Mwanzo wa safari hizo ulikuwa njaa. Mvua iliposhindwa, Mkamba alichukua alichokuwa nacho akakipeleka kwa jirani mwenye mavuno, abadilishane naye chakula. Desturi hiyo iliitwa kuthuua. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyeandika juu ya uchumi wa Wakamba, alionyesha jinsi biashara hiyo ndogo ya kutafuta chakula ilivyokua hadi ikawa biashara ya masafa marefu. Wakamba walikuwa na vitu vilivyotafutwa na wengi: asali, sumu ya mishale, mikufu myembamba ya chuma na shaba. Baadaye wakaongeza pembe za ndovu, na pembe ndizo zilizoivuta njia yao hadi baharini. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara yao ya mamia ya watu ndiyo iliyotawala biashara kati ya nyanda za ndani na Mombasa.

Nchi yenyewe iliwaelekeza. Uwanda wa Yatta, ulioipa jina kaunti ndogo ya Yatta ilimo Katangi, ni mkondo wa lava iliyoganda miaka mingi iliyopita. Una urefu wa karibu kilomita 300 na umenyooka kusini-mashariki hadi ndani ya mbuga ya Tsavo, ukifuatana na mto Athi. Maji hayo ya Athi huishia Bahari ya Hindi. Ugumu ulikuwa mbele, walipouacha mto na kuingia nyika ya Taru. Hapo palikuwa na miiba, vumbi na jua, na maji yalipatikana katika mashimo ya miamba yaitwayo ngurunga, yanayokinga mvua na kuihifadhi kwa muda. Msafara uliokuta ngurunga imekauka ulikuwa hatarini. Leo Taru, Samburu na Maji ya Chumvi ni vituo ambavyo basi huvipita kwa dakika chache. Jina la Maji ya Chumvi pekee linatosha kumwambia msafiri kiu ya zamani ilikuwaje.

Kisha wasafiri walifika Rabai, na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa Wakamba wengi soko lilikuwa hapo juu ya vilima vya bara, wala hawakulazimika kuvuka maji kuingia kisiwani. Warabai, Waduruma na Wagiriama walishika nafasi ya kati. Wao ndio waliopokea pembe na kuzifikisha kwa wafanyabiashara wa Mombasa, na wao ndio waliorudi na kitambaa cha merikani, ushanga, waya wa shaba na chumvi. Kisiwa kilionekana kwa mbali, kama weupe kati ya mikono miwili ya bahari.

Mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Kikamba alikuwa Kivoi wa Kitui. Jina lake lilijulikana Mombasa, na lilimvuta mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha misheni Rabai pamoja na Johannes Rebmann mwaka 1846. Novemba 1849 Krapf alitoka Rabai kwenda kwa Kivoi, na tarehe 3 Desemba, akiwa Kitui, mawingu yalifunguka akauona mlima wenye theluji ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Nchi nzima ilikuja kuitwa kwa jina hilo.

Mwaka 1851 Krapf alirudi. Alijaribu kuanzisha kituo cha misheni Yatta, akashindwa, akaendelea na Kivoi kuelekea mto Tana. Huko wakashambuliwa na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake. Alipofika mtoni hakuwa na kibuyu, basi akajaza maji katika ala ya darubini yake na katika mtutu wa bunduki, akauziba kwa nyasi, akatembea usiku na kujificha mchana. Maji hayo machache ndiyo aliyoanza nayo safari ya kurudi.

Baada ya hapo enzi ya misafara ya Wakamba ilianza kufifia. Waswahili na Waarabu wa pwani walianza kuingia bara wenyewe kutafuta pembe. Kisha ikaja reli: kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Njia ya majuma ikawa ya siku, na barabara kuu ya leo imefuata reli hiyo kwa karibu kupitia Kibwezi, Mtito Andei na Voi.

Wiki ya leo, basi, ipangwe kwa kufuata nyayo hizo. Badala ya kukimbilia daraja la Makupa siku ya kwanza, gari likunje kushoto Mazeras liende Rabai. Kanisa la misheni lingali pale, na makumbusho ya Krapf yako karibu. Juu ya vilima kuna kaya za Warabai, misitu mitakatifu ambayo pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Haiingiwi ovyo; mgeni huwaona wazee kwanza.

Siku ya pili njia hupanda Kaloleni, ikashuka Mavueni, ikakutana na barabara ya Kilifi. Kuelekea kusini, karibu na Mtwapa, yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14. Mbuyu na kuta za matumbawe huko husimama hatua chache kutoka majini, na familia yaweza kupumzika ufuoni alasiri nzima. Siku ya tatu ni ya Kisauni. Hapo Kengeleni kuna kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu walioachiliwa kutoka utumwani. Upande wa Nyali kuna kaburi la Rosine, mkewe Krapf, aliyefariki Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika.

Siku ya nne na ya tano zitolewe kwa kisiwa chenyewe. Ni kidogo, kilomita za mraba zipatazo 14, lakini hakifai kupitwa kwa haraka. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikatwaliwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Kutoka hapo mtu huingia Mji wa Kale kwa miguu, akapita kando ya baraza na milango ya nakshi hadi bandari ya zamani yalikotia nanga majahazi. Jioni ni ya bustani ya ufuoni ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, huku meli zikiingia Kilindini. Na katika barabara ya Moi, mgeni kutoka Yatta asimame mbele ya zile pembe kubwa za aluminiamu zilizowekwa miaka ya 1950. Wageni wengi huzipiga picha tu. Kwa Mkamba ni kumbukumbu ya mzigo uliobebwa mabegani na mababu zake kutoka nyumbani hadi Rabai.

Siku ya sita familia huvuka kwa feri ya Likoni hadi fukwe za kusini. Ya saba hurudi kwa barabara ya Dongo Kundu, inayotokea Miritini, na hapo mzunguko hukamilika: kisiwa kimezungukwa chote.

Kabla ya kuelekea nyumbani kuna kituo kimoja zaidi, Changamwe. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge alirudi Wamunyu, jirani na Katangi, na ufundi wa kuchonga aliojifunza kwa Wazaramo huko Tanganyika. Aliowafundisha wakafundisha wengine, na mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wakaanzisha ushirika wao Changamwe. Hapo mgeni husikia tezo zikigonga mti, huona vipande vya mbao vikiruka miguuni mwa fundi na twiga akitokea polepole shingo kwanza. Mpingo umeadimika, kwa hiyo wengi sasa huchonga mwarobaini, mti unaoota haraka na kwa wingi pwani. Anunuaye aulize mti uliotumika, na achague mwarobaini.

Wazazi wa Katangi wanaopanga Desemba ijayo wana kazi moja ya kufanya kabla ya kujaza mafuta: wamketishe mtoto karibu na babu au nyanya na kumwomba asimulie walivyoshuka pwani wazee wake. Mengi ya yale yaliyosalia ya njia hii yamo katika kumbukumbu zao.