Jiji lilipofilisika, picha zikatiwa bei

Julai 18, 2013, jiji la Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, lilikwenda mahakamani kutangaza kuwa limefilisika. Madeni yake yalifikia takriban dola bilioni 18, na hakuna jiji la Marekani lililowahi kuanguka na mzigo mkubwa kiasi hicho. Taa nyingi za barabarani hazikuwa zikiwaka, maelfu ya nyumba zilikuwa mahame, na wastaafu walianza kuhofia pensheni zao. Lakini kwenye Barabara ya Woodward, ndani ya jengo la marumaru nyeupe, jiji hilohilo lilikuwa likimiliki kazi za Bruegel, Van Gogh na Matisse.

Dawa ya deni ni kulipa, na wadai waliona kuwa cha kulipia kipo. Iliajiriwa kampuni ya mnada ya Christie's ikague kazi hizo na kuzitia bei. Kabla ya jibu la bei, hata hivyo, lilikuwapo swali gumu zaidi: mali hii ni ya nani hasa? Kulijibu ilibidi kurudi nyuma miaka 130.

Zawadi ya mwenye gazeti

Mwaka 1883, William Brearley, aliyesimamia matangazo katika gazeti la Evening News la Detroit, aliandaa maonyesho makubwa ya kazi za sanaa zilizoazimwa. Watu walijaa, na wazo la kuwa na jumba la sanaa la kudumu likapata nguvu. Seneta Thomas Palmer alitoa dola 10,000 za kuanzia, na mwaka 1885 likasajiliwa shirika la watu binafsi lisilo la faida, Detroit Museum of Art. Miaka mitatu baadaye lilifungua milango yake katika Barabara ya Jefferson. Mwasisi wa gazeti, James Scripps, aliyewahi kuzunguka Ulaya akinunua michoro ya mabingwa wa kale, alilikabidhi sehemu kubwa ya mkusanyiko wake mwaka 1889.

Jiji lilisaidia kwa fedha za kodi, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua kwamba fedha za umma haziwezi kwenda kwa shirika binafsi, hata kama kazi yake inawanufaisha wananchi. Jumba likawa na njia mbili: kuishi kwa michango ya matajiri peke yake, au kuwa mali ya jiji. Lilichagua njia ya pili. Mwaka 1919 jengo na mkusanyiko vilikabidhiwa kwa jiji, jina likabadilika kuwa Detroit Institute of Arts, na wale waasisi wakabaki na chama cha kuchangisha fedha za kununulia kazi mpya. Wakati huo ulionekana uamuzi wa busara. Hakuna aliyefikiri kwamba jiji linaweza kufilisika.

Fedha za magari

Detroit ya wakati huo ilikuwa na watu karibu milioni moja, na viwanda vya magari vilikuwa vikimwaga fedha. Ralph Booth, aliyeongoza tume ya sanaa ya jiji, alimleta Wilhelm Valentiner, mwanahistoria wa sanaa kutoka Ujerumani. Akianza kama mshauri, kisha akiwa mkurugenzi kuanzia 1924 hadi 1945, Valentiner alinunua kwa macho yaliyotangulia wakati wake. Mwaka 1922 jiji lilinunua picha aliyojichora Van Gogh mwaka 1887 akiwa amevaa kofia ya majani. Ndiyo kazi yake ya kwanza kuingia katika jumba la umma la Marekani. Mwaka huohuo kilinunuliwa kilichokuja kuwa kito kingine, "Dirisha" la Matisse.

Jengo la sasa, lililosanifiwa na Paul Cret, lilifunguliwa mwaka 1927. Mwaka 1930 likapokea "Ngoma ya Harusi" ya Pieter Bruegel, iliyochorwa 1566: umati wa wanakijiji wakicheza kwenye uwanja uliojaa kiasi kwamba bibi harusi inabidi atafutwe. Mwaka uliofuata likaja joka la mungu Marduki, lililotengenezwa kwa matofali yaliyong'arishwa, ambalo lilipamba Lango la Ishtari huko Babeli enzi za Mfalme Nebukadneza.

Kuta za Rivera

Kazi inayolitambulisha zaidi jumba hili haikununuliwa popote. Ilichorwa ukutani papo hapo. Katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, Valentiner alimwalika Diego Rivera, mchoraji wa Meksiko na mkomunisti asiyejificha, naye Edsel Ford, mwana wa Henry Ford, akakubali kulipa gharama. Wiki chache kabla Rivera hajawasili mwaka 1932, wafanyakazi wasio na ajira walikuwa wameandamana hadi kwenye kiwanda cha Ford cha River Rouge, na kadhaa wakauawa kwa risasi. Ni katika kiwanda hichohicho Rivera alishinda akichora mafundi, mashine na tanuri.

Alipomaliza, Machi 1933, ukumbi wa katikati ulikuwa na paneli 27. Ukuta wa kaskazini unaonyesha utengenezaji wa injini ya V8, ule wa kusini uunganishaji wa bodi ya gari, na katikati yake wafanyakazi wa rangi mbalimbali wameinamia kazi bega kwa bega. Paneli moja ya mtoto anayechanjwa iliwaudhi baadhi ya viongozi wa dini. Mtoto mwenye nywele za dhahabu, muuguzi na daktari pembeni yake, farasi na ng'ombe mbele: waliona ni kejeli ya kuzaliwa kwa Yesu. Zikatoka sauti za kutaka kuta zipakwe chokaa. Edsel Ford alisimama na mchoraji, na watu wakamiminika kuona kinachogombaniwa. Huko New York, familia ya Rockefeller iliamuru mchoro mwingine wa Rivera ubomolewe mwaka 1934. Ule wa Detroit ukabaki. Miaka ya 1950, wakati wa kuwasaka wakomunisti, uongozi wa jumba uliweka bango lililolaani siasa za Rivera lakini likaitetea sanaa yake.

Katika miaka hiyohiyo ya 1930 jiji lilipunguza mno bajeti ya jumba, na Edsel akalipa mishahara ya baadhi ya wataalamu kutoka mfukoni mwake. Ilikuwa dalili ya mapema ya nini hutokea kwa sanaa jiji linapokosa fedha.

Misumari ya Kongo

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakfu na urithi wa watu binafsi ndio uliokuza mkusanyiko. Robert Tannahill aliacha mamia ya kazi mwaka 1970, zikiwamo za Cézanne na Gauguin. Mwaka 1976, kwa mfuko uliobeba jina la Eleanor Clay Ford, mjane wa Edsel, ilinunuliwa sanamu ya mbao ya Wakongo iliyopigiliwa misumari na vipande vya chuma mwili mzima. Katika jamii ilikotoka, mganga alipigilia chuma pale watu walipokula kiapo au kufunga makubaliano, ili atakayeyavunja aandamwe. Mwaka 2000 ilianzishwa idara ya sanaa ya Wamarekani Weusi, katika jiji ambalo wao ndio walio wengi. Leo jumba lina kazi zipatazo 65,000.

Wakati mkusanyiko unakua, jiji lilikuwa linapungua. Wakazi zaidi ya milioni 1.8 wa mwaka 1950 walibaki takriban 714,000 mwaka 2010. Viwanda vilihama, watu wenye uwezo wakahamia vitongojini, na makusanyo ya kodi yakafuata. Agosti 2012, wapigakura wa kaunti tatu, Wayne, Oakland na Macomb, walikubali kulipa kodi ndogo ya majengo kwa ajili ya jumba, takriban dola milioni 23 kwa mwaka, nao wakapewa haki ya kuingia bure. Mwaka mmoja haukutimia kabla jiji halijafilisika.

Bei na mapatano

Desemba 2013, Christie's ilileta hesabu. Ilikuwa imepima tu kazi 2,781 zilizonunuliwa kwa fedha za jiji, sehemu ndogo ya mkusanyiko wote, na kuzipa thamani ya kati ya dola milioni 454 na milioni 867. Hapo ndipo maamuzi ya 1919 yalipouma. Kazi zilizotolewa zawadi, pamoja na kuta za Rivera, zilikuwa nje ya orodha. Kazi za Van Gogh, Matisse na Bruegel, zilizonunuliwa kwa kodi ya wananchi, ndizo zilizokuwa hatarini.

Mwanasheria Mkuu wa Michigan alishatoa maoni kuwa mkusanyiko wote ni mali ya wakfu isiyouzika. Wadai hawakukubali. Na wastaafu nao walikuwa na hoja nzito: mtu aliyezima moto au kuzoa taka kwa miaka 30 akatwe pensheni ili picha ibaki ukutani?

Jaji Gerald Rosen, aliyeteuliwa kuwa msuluhishi, alitafuta njia ya kutochagua. Mashirika ya wakfu yaliahidi dola milioni 366, jimbo likaahidi mchango wa milioni 350, na jumba lenyewe likabeba jukumu la kuchangisha milioni 100: jumla milioni 816, zote za pensheni. Mchango mkubwa kuliko wote wa mashirika, dola milioni 125, ulitoka Ford Foundation, taasisi iliyoanzishwa na Edsel Ford mwaka 1936. Sharti likawa moja: kazi zote zihamishwe kutoka mikononi mwa jiji kwenda kwa shirika lisilo la faida, ili deni lolote la baadaye lisizifikie. Wastaafu wengi bado walikatwa, ila kidogo kuliko walivyotishiwa. Novemba 2014, jaji wa kesi ya kufilisika, Steven Rhodes, aliidhinisha mpango huo.

Kwa maandishi, basi, jumba limerudi lilipokuwa kabla ya 1919: mikononi mwa shirika binafsi. Lakini kodi bado inaingia, kwa kuwa kaunti tatu hulipia huduma kwa mkataba badala ya kutoa ruzuku, na Machi 2020 wapigakura wake waliongeza muda wa kodi hiyo kwa miaka mingine kumi. Hatimiliki ya jiji ndiyo iliyokaribia kuzipeleka picha mnadani. Kilichobaki mkononi mwa wananchi ni kura, na hiyo hakuna mdai anayeweza kuitia bei.