Pembe za Zanzibar katika Vibonyezo vya Piano

Kibonyezo cheupe cha piano nzuri ya karne ya 19 ni mti uliobandikwa ganda jembamba la pembe ya ndovu. Pembe nyingi zilibebwa na wapagazi, wakiwemo Wanyamwezi, kutoka bara hadi pwani. Zikapitia Zanzibar, kisha zikasafirishwa hadi Connecticut, Marekani. Huko viwanda vya Deep River na Ivoryton vilizikata na kuanika maganda juani ili yawe meupe. Jasho la wapagazi halikuonekana tena.

Baada ya marufuku ya kimataifa ya biashara ya pembe za ndovu ya mwaka 1989, fundi anayeziba pengo kwenye kibonyezo hutumia plastiki, mfupa, au ganda lililobanduliwa kwenye piano mbovu. Kulinganisha rangi ndiko kugumu: pembe hugeuka njano ikikaa gizani, hivyo kipande cha kuazima hujitokeza kama jino la bandia.