Dakika ya Dhahabu: Mafunzo ya Kumwokoa Mtoto Mchanga Asiyepumua

Mtoto anapozaliwa, mapafu yaliyokuwa yamejaa maji hayana budi kujaa hewa mara moja. Wengi hulia wenyewe, lakini takribani mtoto 1 kati ya 10 huhitaji msaada ili aanze kupumua. Wanaohitaji dawa au kukandamizwa kifua hawafiki 1 kati ya 100. Kumbe, katika hospitali na zahanati za vijijini, wokovu wa wengi umo mikononi mwa mkunga aliyefunzwa vema.

Hatua zenyewe

Wakufunzi huziita sekunde 60 za kwanza dakika ya dhahabu. Mkunga humkausha mtoto, humfunika kwa kitambaa kikavu apate joto, husafisha kinywa na pua iwapo vimeziba, kisha humsugua mgongo. Asipopumua, humvisha barakoa na kumpulizia hewa kwa mfuko wa kubinya, takribani mara 40 kwa dakika, akitazama kama kifua kinainuka. Kisipoinuka, hurekebisha barakoa na mkao wa kichwa, kisha huendelea kupuliza.

Funzo kutoka Tanzania

Kuanzia mwaka 2009, mafunzo haya yalitolewa katika hospitali 8 nchini Tanzania, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua kwa asilimia 47. Hata hivyo, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilitufunza jambo la pili. Baada ya mafunzo ya siku moja mwaka 2010, wahudumu walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere wa mazoezi, lakini utendaji wao katika chumba cha kujifungulia haukubadilika. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, ya dakika chache tu, papo hapo kazini. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka takribani 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Wajibu wetu

Tunajifunza kwamba ujuzi wa mikono husahaulika usipotumiwa, na kwamba cheti cha semina hakimpulizii mtoto hewa. Katika zahanati yenye wazazi wachache, mkunga aweza kukaa miezi kadhaa bila kumpokea mtoto asiyepumua. Naye ndiye anayehitaji mazoezi kuliko wote. Kwa hiyo tunawaalika wanaosimamia vituo vya afya vya jimbo kuhakikisha kwamba kila chumba cha kujifungulia kina mwanasesere wa mazoezi, kwamba mfuko na barakoa hukaguliwa kila zamu inapoanza, na kwamba dakika chache za zoezi hutengwa kila juma. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuwasafirisha wahudumu kwenda semina mjini, na matunda yake ni uhai.