Wapelelezi wa Vitabuni na Sura Zao katika Sinema

Mpelelezi wa kwanza niliyemjua hakuwa na sura. Nilimjua Kibaha, shuleni, katika miaka ya 1990, ndani ya nakala moja ya *Mzimu wa Watu wa Kale* iliyokwisha kung'oka jalada. Kila mmoja wetu alikuwa na Bwana Msa wake: wangu alikuwa mwembamba, wa mwenzangu, mtoto wa Kisarawe, alikuwa mzee wa makamo mwenye kitambi. Tulipatana juu ya kiko tu.

Kiko hicho kina historia yake. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi (1918–1991), alishinda kwa hadithi hiyo mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957–58, nayo ikapigwa chapa mwaka 1960, naye akiwa mhariri wa *Mkulima*, Dar es Salaam. Hapana shaka Bwana Msa ni jamaa wa Sherlock Holmes, aliyetokea katika maandishi ya Arthur Conan Doyle mwaka 1887. Na Najum, sahibu yake, amekaa mahali pa Daktari Watson. Walakini kile kiko kilichopinda, ambacho watu humtambulia Holmes, hakikutoka kitabuni. Yasemekana alikileta jukwaani William Gillette, Mmarekani aliyemwigiza Holmes tangu 1899, na kisha katika filamu ya 1916. Kofia nayo ni kazi ya mchoraji, Sidney Paget. Basi hata kabla sinema haijajua kusema, macho yalikwisha kukiongezea kitabu.

Yasiyoweza macho kuongeza ni maneno, na Bwana Msa ni mtu wa maneno. Hapigi mtu. Huketi, huuliza, hutania, husikiliza. Tajiri mwenye shamba ameonekana amekufa penye mzimu, watu wasadiki kuwa mizimu imemlipiza. Kazi ya Msa ni kupambanua yale wayasadikiyo watu na lile lililotendwa na mtu. Kazi hiyo hutendeka katika mazungumzo marefu. Kamera ingetuonyesha nini, isipokuwa wanaume wameketi?

Waliofuata walishika njia nyingine. Inspekta Wingo wa Faraji Katalambula, katika *Simu ya Kifo* (1965), ni askari wa mjini. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu *Kufa na Kupona* (1974), ni jasusi wa bastola na motokaa. Na hapa naona sinema ndiyo iliyokizaa kitabu, maana James Bond alikwisha kuwamo katika filamu tangu 1962. Musiba huandika kwa jicho. Nakiri kuwa nilimsoma mbio, wala sikumrudia.

Mwaka 2010 niliingia banda moja la video Kisarawe, likionyeshwa *Sherlock Holmes* ya Guy Ritchie, iliyotoka 2009. Mbele alikaa mfasiri na kipaza sauti, mtu wa kazi ile iliyovumishwa na Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Katika filamu hiyo Holmes, kabla hajapigana, hulipanga kila pigo moyoni, nasi twamsikia akilihesabu. Mfasiri alipunguza sauti ya Robert Downey akahesabu yeye, kwa Kiswahili cha Pwani, akatia na mapigo mawili yasiyokuwamo. Watson akawa "daktari wake". Kila ishara ilipopita, chupa, mlango, chembe ya udongo, alituonya: angalieni hiyo, itarudi.

Nikaona kuwa Najum amerudi. Sinema ilikuwa imemwondoa msimulizi, na banda likamrudisha mahali pake, ameketi ubavuni mwa mpelelezi, akijua kidogo kuliko yeye na kidogo zaidi kuliko sisi. Kwa sababu hii simsikitikii sana Bwana Msa akikosa filamu. Ikitengenezwa, nitakwenda kuitazama Kisarawe.

Filamu ilipokwisha, mzee mmoja alisimama mlangoni akadai kuwa yule mtu aliyenyongwa hakufufuka kwa hila ya dawa, bali kwa uchawi hasa. Televisheni ilikwisha kuzimwa. Mfasiri akaweka chini kipaza sauti, akamwita mzee aketi, akaanza kumweleza upya tangu mwanzo.