Moshi, Waragi na Leseni: Historia ya Ruhusa ya Kukeneka Kileo katika Afrika ya Mashariki

Tangu mwaka wa 2021, sheria za Tanzania zimekitambua Kiswahili kuwa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Hivyo sheria nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza zahitaji kufasiriwa. Wako wadhanio kwamba kazi hiyo ni ya kutafuta neno mahali pa neno. Nia ya makala haya ni kuichungua ruhusa moja tu, yaani ruhusa ya serikali ya kukeneka kileo kikali, na kuonyesha ya kuwa historia ya jambo imo ndani ya maneno yake, na kwamba mfasiri asiyeijua historia hiyo aweza kuibadili haki ya mtu pasipo kukusudia.

Yafaa kwanza tutenge aina mbili za kileo. Pombe ya nafaka au ya ndizi, na tembo la mnazi, hupatikana kwa kuchachuka. Kileo kikali hupatikana kwa kuipasha moto pombe iliyokwisha chachuka mpaka mvuke upande, ukapitishwa katika bomba lililopozwa kwa maji, ukatona matone. Lugha zimeitazama kazi hiyo kwa macho mbalimbali. Waarabu waliyatazama matone, wakakiita kileo hicho kwa neno lenye maana ya jasho, ndilo araki. Wasemaji wa Kiswahili waliutazama mvuke, wakakiita moshi. Jina jingine, gongo, halina habari na namna ya kukitengeneza, maana gongo ni fimbo nene. Msikiaji ajaza mwenyewe yaliyobaki.

Neno waragi, lililoenea Uganda, lastahili maelezo zaidi. Wengi husema kwamba latokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Kwa maoni yangu hayo ni masimulizi yaliyobuniwa baada ya neno kuwapo. Mwaka wa 1891 Lugard aliwaingiza Uganda askari wa Kisudani waliokuwa wa Emin Pasha, ambao wazao wao ndio Wanubi. Katika Kiarabu cha Sudani ile sauti ya q hutamkwa g, na araki huitwa aragi. Tena katika Kiganda g ikifuatwa na i hulainika, ikakaribia kusikika kama j. Basi Mwingereza aliyelisikia neno hilo kinywani mwa Mganda alidhani amesikia jini ya kwao. Tena Waingereza wenyewe, walipokiita kileo hicho jini ya Kinubi, walishuhudia kimetoka kwa nani.

Sasa tuingie katika historia ya ruhusa yenyewe. Sheria ya kwanza iliyoihusu Afrika yetu haikutungwa Afrika. Katika Mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana yaliuchora mkanda kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Mahali ambapo vileo vikali havijazoewa, kuviingiza na kuvitengeneza kulipigwa marufuku. Mahali vilipokwisha kuzoewa, viliwekewa ushuru. Maneno yaliyotumika yalikuwa ya huruma kwa wenyeji. Hata hivyo mapatano yayo hayo yaliweka kwamba kileo kitakachotengenezwa ndani ya nchi kisitozwe kodi pungufu ya ushuru wa kile kitokacho nje. Tangu mwanzo, basi, afya na hazina zilikaa katika kiti kimoja.

Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa tarehe 10 Septemba 1919 uliongeza ukali. Ulikataza kabisa kutengeneza vileo vya kukeneka katika eneo lake, ukakataza hata kuingiza na kumiliki mitambo ya kazi hiyo, isipokuwa kwa shughuli maalumu kama vile za maabara na za dawa. Athari yake yapasa kuangaliwa vema. Pombe iliyochachuka iliweza kupewa ruhusa, na serikali za kikoloni ziliigawa ruhusa hiyo kwa vilabu na kwa wauzaji. Lakini mkenekaji wa kienyeji hakuwa na mlango wowote wa kubisha. Hakuwa mtu aliyekosa leseni. Alikuwa mtu ambaye leseni yake haikuwapo. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka wa 2002 juu ya vileo vya Afrika ya Mashariki, ameeleza kwa kirefu jinsi kinywaji kilivyofungamana na madaraka: swali halikuwa nini kinywewe tu, bali nani aamue.

Baada ya uhuru nchi tatu jirani zilijibu swali hilo kwa njia tatu.

Uganda ilitunga Sheria ya Enguli mwaka wa 1965. Mkenekaji alitakiwa kuwa na leseni. Lakini mwenye leseni hakuruhusiwa kumwuzia mnywaji. Enguli yake ilipaswa kwenda kwa mnunuzi mwenye leseni, ikasafishwe kiwandani, na kutoka humo kikaja kinywaji kilichopewa jina la Uganda Waragi. Mpango huo ulikuwa na hekima yake, kwa kuwa usafishaji ulipunguza madhara. Lakini angalia mgawanyo wa majina: kilicho katika mtungi wa mwanakijiji kiliitwa enguli, na jina la waragi, lililokuwa la watu wote, likapanda chupani pamoja na jina la taifa.

Tanzania ilitunga mwaka wa 1966 sheria juu ya kutengeneza na kukeneka moshi, na mwaka wa 1968 sheria ya vileo kwa jumla. Hapa twaona jambo la ajabu. Sheria ya 1966 ililichukua neno la Kiswahili na kuliweka katikati ya Kiingereza. Lakini midomoni mwa watu, neno moshi lilirudi kwenye maana yake ya kwanza, na kileo kikaitwa gongo. Leo msomaji akiliona jina la sheria hiyo huenda akadhani yahusu moshi wa viwanda, au mji ulio chini ya Kilimanjaro. Kwa desturi gongo ni neno la kosa: polisi hukamata gongo. Moshi ni neno la leseni. Ni kitu kimoja, na majina mawili yamegawana hatia na haki.

Kenya ilishika njia ya tatu. Mwaka wa 1980 ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria mahsusi. Marufuku hayakuukomesha upishi, ila yaliuondoa machoni. Mwezi wa Novemba 1000 na mia tisa ulikuwa umekwisha kupita na karne ilikuwa yageuka, mwaka wa 2000, watu zaidi ya 100 walipokufa Nairobi kwa kunywa kileo kilichotiwa sumu ya methanoli. Sheria mpya ya mwaka wa 2010 iliyafuta marufuku na kumruhusu mwenye leseni kutengeneza chang'aa, kwa masharti ya usafi na ya chupa zisizopungua mililita 250. Hata hivyo mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa tena kwa vileo vyenye sumu. Kwa hiyo si haki kusema kwamba leseni yenyewe ni kinga. Leseni ni kinga pale tu ambapo mpishi aweza kuipata, na mkaguzi aweza kumfikia.

Na hapo ndipo lugha inapoingia. Kiswahili kina maneno mengi kwa jambo hili, na hayalingani. Ruhusa, kutoka Kiarabu, katika fikihi ni wepesi aliopewa mtu mbele ya hukumu iliyo nzito. Idhini ni neno la mwenye mamlaka juu ya nyumba au juu ya mtu. Kibali chatokana na shina moja na kukubali. Ndani yake mna ridhaa. Cheti, kilichotoka Kihindi, na hati, iliyotoka Kiarabu, ni majina ya karatasi. Leseni, iliyotoka Kiingereza, yakusanya ruhusa na karatasi, ikaongeza ada, muda na uwezekano wa kunyang'anywa. Mfasiri akiandika kibali mahali pa leseni, amempa afisa hiari ambayo sheria huenda haikumpa. Mtu aliyetimiza masharti ya leseni aweza kuidai; aombaye kibali hungoja kukubaliwa.

Hali kadhalika vitenzi. Watu husema kupika gongo, kama wasemavyo kupika wali, na wapishi wengi ni wanawake walioitumia kazi hiyo kusomesha watoto. Sheria husema kutengeneza, na mahali pa kutengenezea ni kiwanda. Lakini kiwanda ni mtoto wa uwanda. Maana yake ya kale ni kipande cha uwanja ambapo fundi hufanya kazi yake. Tangu neno hilo lilipopewa maana ya jumba lenye mitambo, uga wa mama mpishi umetoka ndani ya neno, na yeye ametoka ndani ya sheria.

Rai yangu kwa watakaoifasiri sheria ya 1966 na nyinginezo ni hizi. Neno leseni lishikwe pasipo kubadilishwa badilishwa. Kukeneka, kitenzi chetu kilichosahauliwa, kirudishwe, maana kutengeneza ni kupana mno. Na katika tafsiri ya maneno ya sheria iandikwe wazi kwamba moshi ni kile kinachoitwa gongo, ili mpishi aisomapo ajue kwamba yasemwayo humo yamhusu yeye, na kwamba mlango uliokosekana mwaka wa 1919 una jina, na jina hilo analijua.