Jina Kabla ya Hoja: Televisheni za Kebo na Mzozo wa Park51, New York, 2010

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba taarifa ya habari si fasihi, na kwamba mwanafasihi anayeishughulikia amepotoka njia. Makala haya hayakusudii kuwabishia kwa nadharia. Yanarejelea mzozo mmoja wa kidini ili kuonyesha kwamba nyenzo zetu za kawaida, yaani uteuzi wa msamiati, takriri na uhusiano wa fanani na hadhira, hufichua jambo ambalo mwanahistoria wa siasa aghalabu hulipita: mzozo ule ulienea kwa nguvu ya jina kabla hoja hazijapimwa.

Tuanze na chombo chenyewe. CNN ilianza matangazo yake Juni 1980, ikiwa stesheni ya kwanza ya habari za saa 24. (Wengi wetu hapa Kenya tuliizoea kupitia KTN, iliyoanza mwaka 1990 na kuyarusha matangazo yake.) MSNBC na Fox News zilifuata mwaka 1996. Saa 24 ni nyingi kuliko habari zilizopo. Kumtuma mwandishi mahali pa tukio ni ghali. Kuwaketisha watu wawili studioni wabishane ni rahisi. Ubishi wa kidini hufaa mno hapo, maadam haudai ushahidi mpya kila siku.

Desemba 2009, New York Times ilichapisha habari za mpango wa Imamu Feisal Abdul Rauf na wenzake wa kujenga kituo cha Waislamu mahali palipokuwa na duka la nguo, mitaa miwili kutoka palipokuwa World Trade Center. Kituo kingekuwa na ukumbi wa maonyesho, bwawa la kuogelea na mahali pa kuswalia. Tarehe 21 mwezi huo, mkewe, Daisy Khan, alihojiwa katika Fox News na Laura Ingraham, ambaye alisema haoni watu wengi wenye tatizo na mpango huo, na kwamba yeye mwenyewe anapendezwa nao. Mahojiano haya hayana budi kukumbukwa. Yanatuzuia kudai kirahisi kwamba stesheni hiyo ilikuwa na msimamo wake tangu mwanzo.

Mabadiliko yalikuja Mei 2010. Kamati ya bodi ya mtaa ilipouunga mkono mpango huo, wapinzani wakiongozwa na wanaharakati kama Pamela Geller, na pia gazeti la New York Post, walipaza sauti. Hapo ndipo jina lilipoenea: "Msikiti wa Ground Zero". Mfasiri wa Kiswahili akilipokea jina hili hukwama papo hapo. Kiingereza huyapanga maneno hayo sambamba bila kihusishi chochote, kwa hiyo hakilazimiki kusema kama msikiti umo ndani ya mahali pale, uko jirani napo, au unapadai kuwa pake. Kiswahili humlazimu mtu achague: "wa", "ulio katika", "ulio karibu na". Ubishi mzima ulijificha katika pengo hilo la kisarufi. Isitoshe, Masjid Manhattan, msikiti mwingine wa mitaa ya karibu, ulikuwapo tangu mwaka 1970, bila jina la namna hiyo.

Takriri ikafanya kazi yake. Studio ziliwaita wapinzani na watetezi pia, na mtetezi alilazimika kulitamka jina lile lile ili aeleweke. Katika malumbano ya washairi wetu, tangu enzi za Muyaka na wapinzani wake wa Lamu, anayejibu huwa na beti zake kamili. Hakatizwi katikati ya ubeti. Mgeni wa studioni hana ubeti. Anayemiliki zamu, mada na muda ni mtangazaji, na maandishi yaliyo chini ya kioo huendelea kusomeka hata mgeni akizungumza.

Agosti 19, 2010, shirika la habari la Associated Press liliwaagiza waandishi wake wasilitumie jina hilo, kwa kuwa jengo halikuwa Ground Zero. Marekebisho hayo yaligusa mahali tu. Siku chache kabla yake, kura ya maoni ya CNN yenyewe, iliyotaja waziwazi umbali wa mitaa miwili, ilikuta asilimia 68 wakipinga. Neno lililobaki katika swali ni "msikiti". Bwawa na ukumbi havikuwamo. Ni haki kuongeza kwamba majonzi ya waliofiwa mwaka 2001 hayakubuniwa na televisheni, na kwamba wafiwa wenyewe hawakuwa na kauli moja. Lakini majonzi yenye kauli nyingi hayaingii kwa urahisi katika umbo la watu wawili wanaobishana.

Wamarekani walipiga kura za Bunge Novemba 2, 2010, na baada ya hapo mjadala ulififia studioni upesi kuliko ulivyowaka. Mnara uliokusudiwa haukujengwa. Baadaye palisimama jumba refu la makazi ya kifahari. Septemba 2011, jengo kuukuu likiwa bado lipo, lilifunguliwa kwa maonyesho ya picha za watoto wa New York wenye asili za nchi mbalimbali.